Anayelipa ada hanunui siri za mteja

Wiki iliyopita kijana aliyeanza kazi ya ushauri nasaha mwaka huu aliniandikia: "Dada, baba wa mteja wangu ndiye anayelipa. Sasa anataka nimwambie mwanawe anasema nini. Nikikataa ataacha kulipa, na mwenye kituo ameshanionya nisimuudhi. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, hayo yalinipata mimi.

Nilikuwa nimeajiriwa katika kituo kimoja hapa Mombasa. Mteja alikuwa mwanafunzi wa chuo, mtu mzima aliyevuka miaka 18. (Ameniruhusu nisimulie, na yote yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.) Baba yake alituma pesa kwa M-Pesa kabla ya kila kikao. Siku moja akaja mwenyewe, akaketi, akaniuliza kwa upole kama mwanawe anatumia dawa za kulevya. Nikamwambia yanayosemwa ndani siwezi kuyatoa nje. Upole ukaisha palepale. "Mshahara wako unatoka mfukoni mwangu!" Akaenda kwa meneja, nikaitwa, nikaamriwa mbele yake nilete faili.

Sikulileta. Nikaambiwa sina adabu kwa wakubwa. Mtaani zikaenea habari kwamba nawaharibu watoto wa watu, na mkataba wangu ulipoisha hakuna aliyenitajia mwingine. Mpaka leo nikipita barabara ile moyo hunikaza. Kisha mzee akapeleka malalamiko rasmi dhidi yangu.

Kungoja kwenyewe sikusimulii. Lililoniokoa ni karatasi. Fomu ya ridhaa, aliyoisaini mteja siku ya kwanza, ilieleza nani ataona nini na ni lini usiri unaweza kuvunjwa. Maelezo ya kila kikao niliyaandika siku ileile, kwa tarehe. Na jioni ya ule ugomvi nilimpigia msimamizi wangu wa kitaaluma (mshauri mzoefu anayeniongoza kazini, si meneja), naye akaweka ushauri wake kwa maandishi. Malalamiko yakatupwa. Nilitoka nimeinua kichwa, na sioni haya kusema hivyo.

Basi nisikilizeni, nyinyi mnaoanza. Kenya tuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kutusajili na kutusimamia. Wengi wanaihesabu kuwa habari ya leseni tu: lipa, tundika ukutani, fungua ofisi. Leseni inampa mteja haki ya kukudai mwenendo fulani, hata bosi wako asipoupenda. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya ya mtu, ya akili ikiwemo, katika data nyeti. Faili si la meneja kumgawia amtakaye.

Usiri una mpaka, ndiyo. Chuoni wengi wetu tulisoma kesi ya Tarasoff: mgonjwa alimwambia mtaalamu wake katika Chuo Kikuu cha California kwamba atamuua msichana fulani. Polisi wa chuo waliarifiwa, msichana na familia yake hawakuambiwa, na mwaka 1969 akauawa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kumlinda anayetishiwa. Hukumu hiyo haitufungi sisi, lakini angalia kilichofungua mlango pale: uhai wa mtu. Mzazi mwenye wasiwasi na risiti mkononi hajafika hapo.

Kwa hiyo andika. Pata msimamizi kabla hujapata matatizo. Msainishe mteja ridhaa siku ya kwanza. Na andika, narudia.

Kwa yule baba, mwambie hivi: "Mzee, nakuelewa una wasiwasi. Nitamuuliza mwanao kama angependa tuketi sote watatu." Kisha muulize kweli, mkiwa wawili tu. Akikubali, andika anachokubali kisemwe, naye asaini. Akikataa, mpigie baba umwambie amekataa, wala usimpe sababu.