Jibini yote inaishia kwenye kikaango: soseji za nguruwe zenye pilipili

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nimejaribu mara mbili kutengeneza soseji za nguruwe zenye pilipili na jibini ndani. Nilichukua kilo mbili za paja, nikaondoa mafuta yote ili zisiwe nzito, nikasaga, nikatia chumvi kwa kukisia, pilipili za kwenye siki nilizokatakata, na mozzarella niliyoikwaruza. Nikajaza kwenye utumbo na kukaanga siku hiyohiyo kwa moto mkali. Karibu zote zilipasuka, jibini ikamwagika na kuungua, na nyama ikawa kavu, inamomonyoka kama vumbi la mbao. Je, nibadili jibini? Au niiweke katikati kama kamba moja? Naweza kuzikausha kwa moshi? Na kuna kama kilo moja mbichi imebaki kwenye friza, niifanyeje?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na pole kwa kilo hizo. Jibini tutaibadili, lakini siyo mshitakiwa wa kwanza. Jibini ikishapata moto itayeyuka tu, uipende usiipende. Kinachoizuia isitoke ni nyama inayoizunguka, na nyama yako haikuwa imeshikana. Ulichojaza kwenye utumbo ni punje za nyama zilizokaa jirani bila kujuana, na katikati ya punje hizo jibini ilipata njia kila upande.

Kushikana huko kuna kisa chake. Ndani ya msuli wa nyama kuna protini iitwayo miosini. Ukitia chumvi ya kutosha na kuikanda nyama, sehemu ya protini hiyo huyeyuka na kutoka nje, ikawa kama gundi inayopaka kila punje ya nyama na ya mafuta. Soseji inapoiva, gundi hiyo huganda kama ute wa yai unavyoganda, na ndiyo inayokamata maji, mafuta na vipande vya jibini mahali pake. Wewe ulisaga, ukachanganya mpaka viungo vikaenea, ukaacha. Viungo vilienea kweli, ila gundi haikutoka.

Kwa hiyo kanda. Kwa mkono, dakika nne au tano za nguvu. Kwa mashine ya kuchanganyia yenye mwiko bapa, dakika mbili hivi kwa mwendo wa taratibu. Utaona nyama inabadilika: mwanzoni inaachana kama mchanga wenye unyevu, kisha inaanza kuvuta nyuzinyuzi na kung'ang'ania ukuta wa bakuli. Chukua kitonge, kibandike kwenye kiganja, geuza mkono kiganja kiangalie sakafu. Kikining'inia bila kuanguka, umefika. Kikianguka, endelea kukanda. Kipimo hiki cha kiganja ninakiamini kuliko saa.

Sasa chumvi, maana bila hiyo utakanda mpaka kesho. Pima kwa mizani. Kwa soseji za kawaida mimi huenda gramu 18 kwa kila kilo ya nyama na mafuta. Kwa hizi za jibini nashusha hadi 15 au 16, kwa sababu jibini inakuja na chumvi yake. Ukishuka sana chini ya hapo gundi inakuwa dhaifu. Kukisia kwa kijiko hakufai, kwani chumvi laini na chumvi ya mawe hazilingani uzito kijiko kwa kijiko.

Kuhusu mafuta, najua nia yako ilikuwa njema, lakini paja lililosafishwa mafuta yote halitoi soseji. Litatoa nyama kavu iliyovishwa utumbo. Tumia bega, ambalo mara nyingi lina mafuta yake ya kutosha au yanayokaribia kutosha. Ukiwa na paja tu, chukua gramu 750 za nyama na uongeze gramu 250 za mafuta magumu ya mgongoni. Mafuta laini ya tumboni, yale yanayozunguka figo, usiyatumie. Soseji isiyo na jibini hubeba hadi asilimia 30 ya mafuta bila tatizo. Hapa robo inatosha kwa kuwa jibini nayo ni mafuta.

Halafu baridi. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa bila kujua. Siku za mwanzo za kazi hii niliwahi kuacha mafuta mezani nikiongea na simu, kisha nikayasaga hivyohivyo. Badala ya punje nyeupe zilizotengana na nyama, kilitoka kitu cha rangi ya waridi kama losheni, kikaziba matundu ya mashine na kunipaka mikono mpaka maji ya bomba yakawa yanateleza juu yake. Nilijaza hivyo hivyo kwa ubishi. Zilipoiva, kila soseji ilikuwa imeelea ndani ya utumbo wake kwenye dimbwi la mafuta, na nyama imesinyaa katikati. Mafuta yakishapakaa juu ya nyama, gundi ya miosini haishiki tena.

Kata nyama na mafuta vipande vya sentimita 2 au 3, vitandaze kwenye trei, weka friza kwa dakika 30 hadi 45 mpaka kingo zikaze lakini katikati pasigande. Weka na visehemu vya mashine humo humo: kisu, kisahani, hata kibomba. Saga kwa kisahani chenye matundu ya milimita 6 au 8, chini kuwe na bakuli lililokalia barafu. Kisu cha mashine kiwe na makali, maana kisu butu hakikati, kinasugua, na kusugua ni joto. Wakati wa kukanda, mimina maji ya barafu, mililita 60 kwa kilo, na kipimajoto kisipite nyuzi 12 za Selsiasi. Kikikaribia hapo, rudisha bakuli kwenye friji, kunywa chai, kisha uendelee.

Mozzarella ni tamu, sina ugomvi nayo, ila ina maji mengi na imeumbwa kwa ajili ya kutiririka. Ukiikwaruza umeimaliza kabisa, kwani nyuzi nyembamba huyeyuka kabla nyama haijaanza kuganda. Tafuta jibini ngumu isiyo na maji mengi: Emmental, Gouda iliyokomaa kidogo, cheddar changa. Cheddar iliyozeeka sana inaachia mafuta yake ikipata moto na kubaki na chembechembe. Jibini ya kusindikwa, ile ya mche, haina hadhi mbele ya wapishi wengi, lakini kwa kazi hii inastahili heshima: ina chumvi maalumu zinazozuia mafuta yake yasijitenge, ndiyo maana huyeyuka ikawa laini moja. Waaustria, ambao soseji yao ya jibini iitwayo Käsekrainer inajulikana sana, hutumia Emmental kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20. Kwa nyumbani nakushauri usizidi gramu 150 kwa kilo ya nyama. Ukizidisha, kuta zinakuwa nyembamba.

Ikate vipande vya mraba vya milimita 5 au 6, vitandaze visigusane, vigandishe kwa saa moja au mbili. Vitie mwishoni kabisa, nyama ikishafaulu kipimo cha kiganja, na uchanganye kwa sekunde chache tu ili visipondeke. Ile kamba ya katikati inavutia kwa macho, lakini ikipata ufa mmoja inatoka yote kwa mpigo. Kipande kidogo kilicho karibu na utumbo kikitoroka, wenzake hamsini wamebaki.

Pilipili. Zile za kwenye siki nazo zilichangia kwenye lile vumbi la mbao. Siki ikigusa nyama mbichi huikaza protini kabla ya wakati, kama samaki anavyobadilika akilowekwa kwenye ndimu, na protini iliyokwisha kukazwa haigundishi tena. Ukizipenda, zioshe, zikamue kwenye kitambaa mpaka zikauke, uzitie mwishoni pamoja na jibini. (Ndimu, papai na nanasi bichi viepuke kabisa kwenye nyama ya soseji, papai na nanasi vinaisaga protini yenyewe.) Mimi ninategemea pilipili kavu, kwa kuwa hailetei nyama maji. Kwa kilo moja: gramu 5 za pilipili kavu iliyopondwa, gramu 8 za paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali), gramu 3 za pilipili manga, gramu 2 za mbegu za giligilani zilizokaangwa na kutwangwa, na gramu 8 za kitunguu saumu kilichopondwa. Hiyo inawasha vya kutosha bila kumkimbiza mtu mezani.

Kabla ya kujaza, kaanga kitonge kimoja uonje, na hicho kitonge kiwe na kipande cha jibini ndani. Maziwa na mazao yake huupoza ukali wa pilipili, kwa hiyo nyama tupu itakudanganya: utaona inawasha sana, utapunguza, na soseji zitakuja kuwa pole. Ladha ikikosekana chumvi au ukali, bado unaweza kurekebisha. Ikishaingia kwenye utumbo imekwisha.

Utumbo wa nguruwe wa milimita 32 hadi 36 ndio unaofaa, maana mwembamba zaidi unakuletea kipande cha jibini mlangoni. Suuza chumvi, pitisha maji ndani yake, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa au zaidi. Jaza uwe umeshiba lakini ukiubonyeza kwa kidole ubonyee. Ukijaza mpaka ukakaza, hutapata nafasi ya kusokota, na zile zitakazovumilia kusokotwa zitapasuka motoni. Ukiona povu la hewa, litoboe kwa sindano safi wakati huo huo. Kisha zilaze kwenye waya ndani ya friji, bila kufunikwa, usiku kucha. Ngozi inakauka na kuwa ngumu kidogo, gundi inatulia, viungo vinaingia. Kukaanga siku hiyohiyo kumekupunguzia zaidi ya unavyodhani.

Na moto mkali ndio uliokumalizia. Nje inasinyaa haraka, ndani bado baridi, mvuke unatafuta pa kutokea, utumbo unapasuka. Fanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza zizamishe kwenye maji ya nyuzi 75 hadi 80. Maji yanayotoa mvuke na vipovu vidogo chini ya sufuria, siyo yanayotokota. Dakika 20 hadi 25 kwa unene huo, lakini mwamuzi ni kipimajoto: katikati ifike nyuzi 71. Kwa nyama ya nguruwe iliyosagwa sishuki hapo kwa sababu za usalama, na sipandi sana pia, kwa kuwa ukikaribia 80 mafuta yanaanza kuchuruzika. Choma sindano ya kipimajoto kutokea nchani, pale palipofungwa, isiwe ubavuni. Tundu la ubavuni ni bomba la jibini. Kwa sababu hiyo hiyo usizitoboe kwa uma wakati zinaiva, hata kama ndivyo ulivyozoea kuona.

Zitoe, zifute maji, kisha zipitishe kwenye kikaango chenye mafuta kidogo au juu ya makaa, moto wa wastani, dakika mbili au tatu zikigeuzwa, zipate rangi tu. Ziache zipumue dakika tano kabla ya kuliwa. Jibini iliyotoka motoni inarukia mdomo ukiibana kwa meno, na inashika palepale iliporukia.

Moshi ni habari nyingine. Soseji inayokaa kwenye moshi wa taratibu inapitisha saa nyingi kati ya nyuzi 4 na 60, na ndani hakuna hewa. Hapo ndipo bakteria wa botulizimu hutengeneza sumu yake. Usijaribu bila chumvi ya kuhifadhia nyama yenye nitriti. Ile ya rangi ya waridi yenye asilimia 6.25 ya nitriti hutiwa gramu 2.5 kwa kilo, imepimwa kwa mizani inayosoma hata sehemu za gramu, na haichukui nafasi ya chumvi ya kula. Inatiwa pamoja nayo. Ziko chumvi za aina hiyo zenye nguvu tofauti kabisa, kwa hiyo soma pakiti yako na ufuate kipimo chake. Kama hupendi hesabu hizo, kaa na maji moto na makaa. Paprika ya moshi itakupa harufu unayoitaka.

Mbichi hukaa friji siku moja au mbili tu. Friza, miezi miwili bila kupungua ladha sana, na uziyeyushe ndani ya friji.

Ile kilo yako iliyobaki usiisage upya wala usiongezee mafuta sasa. Siki imeshafanya kazi yake humo na hairudi nyuma. Iyeyushe ndani ya friji, pasua utumbo uutupe, vunjavunja nyama kwenye sufuria yenye kitunguu na nyanya, uipike taratibu mpaka iive kabisa. Kwenye rojo kumomonyoka si kosa, na mozzarella yako italainisha mchuzi vizuri tu.