Anayeanza Tiba ya Nyuklia Aanze na Saa, Kamera Itafuata

Wanafunzi wengi wa tiba ya nyuklia, yaani kupiga picha na kutibu kwa dawa zenye mionzi, hutokea kwenye eksirei au CT, na siku ya kwanza idarani macho yao huenda moja kwa moja kwenye kamera ya gama. Ni mashine kubwa, inavutia, na ndiyo inayotoa picha. Lakini kumbuka tofauti moja. Kwenye eksirei mashine ndiyo inayotoa mionzi, na ukiizima mionzi imekwisha. Huku kwetu anayetoa mionzi ni mgonjwa, kwa sababu ya dawa uliyomchoma, na kamera inapokea tu. Picha ikitoka mbovu, mara nyingi iliharibika saa kadhaa nyuma, kwenye kile chumba kidogo chenye kuta za risasi ambako dawa huandaliwa. Ukitaka kuwa fundi mzuri, jifunze kwanza chumba kile na saa yake ya ukutani.

Saa ni muhimu kwa sababu dawa inapungua hata ukiwa umeiweka mezani hujaigusa. Nusumaisha hizi, yaani muda ambao nguvu ya dawa inashuka hadi nusu, zikae kichwani kama jedwali la kuzidisha: teknesiamu-99m saa 6, molibdenamu-99 saa 66, florini-18 dakika 110, galiamu-68 dakika 68, iodini-131 siku 8. Hesabu yenyewe ni ya sekondari. Kichupa chenye megabekereli (kipimo cha nguvu ya mionzi) 3,700 ndani ya mililita 5 saa 07:00 kina 740 kwa kila mililita. Ikifika 13:00 kila mililita ina 370. Mgonjwa wa kipimo cha mifupa aliyepangiwa 740 asubuhi angepata mililita 1, mchana anahitaji 2. Katikati ya hapo tumia kipeo, yaani nusu ipandishwe kwa saa zilizopita ukizigawa kwa nusumaisha: baada ya saa 3 kinachobaki ni asilimia 71, si 75 kama wengi wanavyokisia kwa kugawa sawasawa.

Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu hapa. Saa za Kiswahili na za Kizungu zinapishana kwa saa 6, na nusumaisha ya teknesiamu ni saa 6. Aliyeandaa dawa alfajiri akiandika kwenye kichupa "saa 1", mwenzake wa zamu ya mchana akaisoma kuwa 13:00, hesabu itamwambia dawa bado ni nzima kumbe imebaki nusu. Kosa la namna hii halipigi kelele. Linatoa picha hafifu, au kwa upande mwingine dozi maradufu. Kwa hiyo kwenye lebo, daftari na kompyuta andika 07:00 au 13:00 tu, pamoja na tarehe. Na kila bomba la sindano lipimwe kwenye kalibreta ya dozi, mashine inayosoma nguvu ya mionzi iliyomo, kabla ya kwenda kwa mgonjwa, hata kama una hakika na hesabu yako. Saa ya ukutani, ya kalibreta na ya kamera zioane kwa dakika. Zikaguliwe kila wiki, na kila baada ya umeme kukatika.

Teknesiamu hutoka kwenye jenereta. Ndani ya ganda zito la risasi mna mrija mdogo wenye alumina (oksidi ya alumini), na molibdenamu-99 imeng'ang'ania humo. Inapochakaa inazaa teknesiamu, ambayo haishikani vizuri na alumina. Unaweka kichupa cha salaini (maji ya chumvi) ya asilimia 0.9 upande mmoja na kichupa kitupu kisicho na hewa upande wa pili. Salaini inavutwa, inapita, inaondoka na teknesiamu. Tunaita kukamua, na tabia yake ni ya ng'ombe kweli: ukikamua asubuhi, kilele cha maziwa hurudi baada ya saa 23 hivi, lakini saa 6 tu baadaye takriban nusu imesharudi. Ndiyo maana ukamuaji wa pili mchana unaokoa siku yenye wagonjwa wengi. Lakini ng'ombe mwenyewe anazeeka. Jenereta iliyokamuliwa Jumatatu inabaki na kama asilimia 36 ya nguvu yake Ijumaa, na Jumatatu inayofuata asilimia 17. Wagonjwa wa dozi kubwa, mifupa na moyo, wapangwe mwanzoni mwa wiki. Tezi la shingo, ambalo linahitaji dozi ndogo, linaweza kusubiri hadi mwisho. Nchi zetu za Afrika Mashariki hazina tanuri la nyuklia linalozalisha molibdenamu. Sehemu ya inayotumika Afrika hutoka tanuri la SAFARI-1 kule Pelindaba, Afrika Kusini, kwa hiyo ndege ikichelewa siku moja umeshapoteza zaidi ya asilimia 20 kabla ya kufungua sanduku.

Baada ya kukamua usikimbilie kuandaa dawa. Pima kwanza kama molibdenamu imepenya. Kichupa kinaingizwa kwenye kopo la risasi linalozuia mionzi laini ya teknesiamu (140 keV, kipimo cha nishati ya miale) na kuipitisha ile kali ya molibdenamu, kisha kinapimwa. Kikomo kinachotumika sana ni kilobekereli 0.15 za molibdenamu kwa kila megabekereli moja ya teknesiamu, na hapa wanaoanza hukosea jambo moja: kikomo hicho ni cha saa ya kumchoma mgonjwa, si cha saa ya kukamua. Teknesiamu inapungua haraka kuliko molibdenamu, kwa hiyo uwiano unapanda. Kichupa kilichosoma 0.09 saa 07:00 kitakuwa na 0.17 saa 13:00. Asubuhi kilifaulu, mchana hakifai. Pima pia alumini kwa karatasi ya rangi. Isizidi mikrogramu 10 kwa mililita, maana ikizidi inavuruga dawa utakazoandaa.

Sasa tuandae MDP, dawa ya kupigia picha ya mifupa, kwa sababu ukiimudu hii nyingine zitakuwa rahisi. Ndani ya kichupa chake mna unga wenye chumvi ya bati. Bati hilo ndilo linaloibadilisha teknesiamu ili ikubali kushikana na MDP, na adui yake ni hewa. Kichupa kimejazwa gesi ya naitrojeni kwa makusudi. Mwanafunzi akivuta hewa kwenye bomba kisha kuisukuma ndani ili kupata nafasi ya kunyonya dawa, kama alivyozoea kufanya na dawa za kawaida wodini, ameingiza oksijeni na bati limekufa. Njia sahihi ni hii: ingiza teknesiamu kwa ujazo na nguvu zisizozidi zilizoandikwa na mtengenezaji, na bila kuichomoa sindano vuta gesi ya ujazo uleule ili mgandamizo ulingane. Tikisa taratibu, acha kwa muda ulioandikwa, kisha pima usafi.

Kupima usafi ni vipande viwili vya karatasi ya kromatografia na tone moja kwa kila kipande. Kimoja kisimame kwenye asetoni, ambako perteknetati, yaani teknesiamu iliyobaki huru bila kushikana na MDP, hupanda hadi juu. Kingine kwenye salaini, ambako chembechembe zilizogandamana hubaki chini na vingine vyote hupanda. Kata kila karatasi vipande viwili, hesabu mionzi, toa asilimia. Kwa MDP kiwango cha chini huwa asilimia 90. Kazi yote ni dakika chache, na bado ndiyo inayorukwa mara nyingi wagonjwa wakiwa wengi barazani. Aliyeiruka atajua saa tatu baadaye: kwenye picha ya mifupa ataona tumbo, tezi la shingo na tezi za mate zinang'aa, alama ya perteknetati huru. Ini likiwaka, kwanza shuku chembechembe, ingawa lina sababu nyingine pia. Hapo mgonjwa ameshapokea mionzi ambayo haikumpa jibu, na huenda alisafiri siku nzima kuja.

Kwenye kumchoma, jifunze mishipa kama wauguzi wanavyoijua. Dawa ikimwagika nje ya mshipa, mkono utang'aa na mifupa itafifia. Weka kanula (mrija mdogo wa mshipani), sukuma salaini kwanza uone inapita, choma dawa, sukuma salaini tena. Chagua mkono ulio mbali na upande wenye ugonjwa na uandike ni mkono gani, maana dokta atakayeona doa kwenye kiwiko hawezi kukisia. Rudisha bomba kwenye kalibreta upime kilichobaki. Dozi halisi ni tofauti ya vipimo viwili.

Na kabla ya hayo yote, jina. Usimuulize mgonjwa "Wewe ndiye mama Neema?" Mtu mzima mwenye adabu, amekaa foleni tangu alfajiri na hakukusikia vizuri, atakujibu "ndiyo" kwa heshima tu. Sema: "Shikamoo mama. Naomba unitajie majina yako matatu na tarehe uliyozaliwa." Mwache aseme mwenyewe, wewe linganisha na fomu. Kisha muulize faraghani, mbali na mume au mkwe, kama ana ujauzito au ananyonyesha. Kwa teknesiamu kunyonyesha kunapangiwa muda kwa kuzingatia aina ya dawa. Kwa iodini-131 mtoto huyo hanyonyeshwi tena kabisa, kwa sababu iodini huingia kwenye maziwa na kukaa kwenye tezi la shingo la mtoto.

Kipimo cha mifupa hupigwa picha saa 2 hadi 4 baada ya sindano. Mgonjwa anywe maji ya kutosha na aende chooni dakika za mwisho kabla ya kulala mezani, kwani kibofu kilichojaa hufunika nyonga. Tone la mkojo kwenye nguo ya ndani huonekana kama saratani kwenye mfupa wa paja. Ukiona doa la ghafla eneo hilo, mvue nguo, mwoshe ngozi, piga tena kwa ubavu. Doa likihama na nguo, umemwepusha mtu na jibu baya la uongo.

Kamera nayo ina mambo yake. Kila asubuhi hakikisha dirisha la nishati, yaani kiwango cha nishati ambacho kamera inakubali kuhesabu, limekaa katikati ya 140 keV, kwa kawaida upana wa asilimia 20, yaani 126 hadi 154. Kisha weka bamba la kobalti-57 upige picha ya usawa, na uitazame kwa macho, usiridhike na namba. Duara jeusi ni mrija mmoja wa kukuza mwanga umelegea. Mstari mwembamba kama unywele ni ufa kwenye fuwele inayopokea miale. Fuwele hiyo ya iodidi ya sodiamu haipendi joto kubadilika haraka, kwa hiyo kiyoyozi cha chumba cha kamera si anasa, na kamera isiachwe usiku bila kolimeta, lile bamba la risasi lenye matundu linalokaa mbele ya fuwele. Iodini-131 inahitaji kolimeta ya nishati kubwa. Ukiiacha ile ya teknesiamu, miale ya 364 keV itapenya kuta zake na utapata ukungu. Na sogeza kamera karibu na mgonjwa kadiri inavyowezekana: kila sentimita inayoongezeka inakula ukali wa picha.

Kuhusu usalama wako, apron ya risasi ya nusu milimita inasaidia kwa teknesiamu lakini kwa florini-18 (511 keV) ni uzito tu begani. Hapo unalindwa na umbali na wepesi wa mikono. Fanya mazoezi ya kuvuta dawa kwa maji matupu hadi uweze bila kufikiri. Pete ya kupimia mionzi ivaliwe chini ya glovu, jicho lake likielekea kiganjani, maana vidole ndivyo vinavyopokea zaidi. Kikomo cha mfanyakazi ni milisiveti (kipimo cha mionzi inayopokelewa na mwili) 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, na mikono 500. Dada aliyepata ujauzito aseme mapema, kwa sababu kikomo cha mtoto tumboni ni milisiveti 1 tu.

Unaposaka pa kusomea, ujue vituo vyetu si vingi: Ocean Road Dar es Salaam, Bugando Mwanza, Kenyatta Nairobi, Mulago Kampala. Wengi huanza na stashahada au shahada ya radiografia kisha hujifunza tiba ya nyuklia kazini, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lina kozi ya masafa iliyotengenezwa kwa watu wa namna hiyo. Aliyeko Marekani atakutana na mitihani ya NMTCB au ARRT, bodi zinazotoa vyeti kwa mafundi wa huko. Kokote uendako, kabla ya kulipa ada uliza: nitakamua jenereta mara ngapi kwa mikono yangu? Nitachoma wagonjwa wangapi? Nani atatia saini daftari langu la mazoezi, na jenereta huja kila wiki au kila mwezi? Jenereta ikija kwa kusuasua, miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo inaweza kuishia wiki nne za kazi halisi, basi omba muda uongezwe kwa maandishi tangu mwanzo.