Ukitaka kazi ya ushawishi wa kisiasa, anza na kalenda

Vijana wengi wanaonijia hapa Nakuru wana picha moja tu ya kazi hii: msaidizi wa zamani wa rais ametoka Ikulu, amefungua ofisi, na mawaziri wote wanapokea simu yake. Washington watu hao wamejaa, na tangu 1995 sheria inawataka wanaolipwa kushawishi wajiandikishe na kutaja wateja wao. Lakini namba za simu huzeeka. Serikali ikibadilika, nusu yake hazina kazi. Ukimpata mtu wa aina hiyo, mwombe akufundishe kuandika ukurasa mmoja ambao mkubwa ataumaliza akiwa garini.

Kwako wewe, kalenda ndiyo mtaji. Taarifa ya mikakati ya fedha ya kaunti hufika bunge la kaunti kabla ya Februari kuisha, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ukija mwishoni mwa Juni kuombea wakulima wa Molo soko la viazi, utapewa chai na pole.

Memoranda, yaani maoni ya maandishi unayopeleka kwa kamati ya bunge kuhusu mswada, nayo isiwe hotuba. Kamati haina muda wa "sisi wakulima tumeteseka". Andika: kifungu fulani, futa neno "gunia", weka "gunia lisilozidi kilo 50", kisha sababu kwa mistari mitatu. Peleka nakala mbili kwa karani, moja igongwe muhuri urudi nayo. Siku watakaposema hawakusikia kutoka kwenu, muhuri utajibu.

Na mswada ukipita usisherehekee mapema. Kanuni za viazi za 2019 ziliweka kilo 50 wazi kabisa, lakini lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kipimo, bado zinapakiwa. Kanuni ziliandikwa Nairobi, masoko yako chini ya kaunti. Kwa hiyo, kabla ya kuomba sheria mpya, uliza nani atasimama sokoni na mizani, na mshahara wake unatoka kwa bajeti gani.

Kuhusu pesa: Sheria ya Hongo ya 2016 humshika mtoaji sawa na mpokeaji. Hilo kila mtu analijua. Kinachosumbua ni mheshimiwa anapokutumia ujumbe wa mchango wa mazishi katika wadi yake huku mswada wako uko mbele ya kamati yake. Mimi huenda mazishini, nakaa na wafiwa, na mkono wangu unabaki mfukoni hadi kamati ipige kura. Atanuna. Wengine hawakusalimii wiki nzima.