Pindua Nguo Kwanza: Kwako Unayeanza Kazi ya Nguo za Kiume

Mdogo wangu, umeanza kazi ya kuchagua na kuuza nguo za kiume, na najua wiki hizi za kwanza lebo zinakuyumbisha. Kila lebo inadai ubora, kila anayekuletea mzigo anaapa. Nakuandikia yale niliyochelewa kuyajua, maana waliolipia kuchelewa kwangu ni wateja.

Mmoja wao simsahau. Alinunua kwangu suti ya kijivu kwa ajili ya kazi mpya. Miezi minne baadaye akaja na koti mkononi, limekunjwa kama alivyorudishiwa na dobi. Akalitandaza mezani, akaligeuza kidogo lipate mwanga. Kifuani, kuanzia kwenye kola hadi kifungo cha kwanza, kitambaa kilikuwa kimeinuka vipovu vidogo vidogo, kama rangi ya ukuta ulioingia unyevu. Nikajaribu pasi. Vipovu vikalala, koti lilipopoa vikaamka tena. Hakugomba. Aliuliza tu, "Si wewe uliyeniambia hili ni zuri?" Pesa yake nilimrudishia, lakini jibu sikuwa nalo. Nililiita zuri bila kujua ndani yake mna nini.

Sasa najua. Mbele ya koti, kati ya kitambaa cha nje na bitana, kuna tabaka ambalo mteja halioni. Ndilo linalolipa koti kifua. Katika koti lililoshonwa kwa uangalifu, tabaka hilo ni kanvasi, mara nyingi imefumwa kwa sufu na singa za farasi, nayo imeshikizwa kwa mishono mirefu iliyolegea kidogo ili isogee pamoja na mwili. Katika makoti mengine ni kitambaa chenye gundi kilichobanwa kwa joto. Gundi hiyo ikichoshwa na joto na dawa za dobi, huachia hapa na kushika pale, na hapo ndipo vipovu vinapotokea. Koti la gundi si la kutupa, maana gundi za siku hizi zimeboreka sana. Kosa ni kuliuza kama la kanvasi.

Kutofautisha ni kazi ya vidole. Chini kidogo ya tundu la kifungo cha mwisho, shika kitambaa cha nje kwa vidole viwili, upande wa ndani kwa vidole vya mkono mwingine, kisha uvitenganishe taratibu. Ukisikia tabaka la tatu likielea katikati, hiyo ni kanvasi. Ukisikia tabaka mbili tu, na la nje ni kavu kama karatasi, hiyo ni gundi. Usiishie hapo, rudia kifuani, kwa sababu yapo makoti yenye kanvasi juu tu na gundi chini. Hayo ya nusu kwa nusu mimi nayapenda kwa mtu wa kazi za kila siku, yanavumilia.

Nikueleze na hizi namba, maana utaziona kwenye suti za sufu na wateja watakuuliza. Super 100's, Super 120's, Super 150's. Zinaeleza wembamba wa unyoya wa sufu peke yake. Kwa kanuni za biashara ya sufu duniani, Super 100's ni unyoya wa wastani usiozidi maikroni 18.75 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na Super 150's usiozidi 16.25. Namba ikipanda, kitambaa kinakuwa laini zaidi, na pia kinajikunja haraka na kuisha mapajani mapema. Kijana anayekaa ofisini siku tano kwa wiki, mpe 100 au 120. Ukimuuzia 150 kwa sababu namba ni kubwa, umemdhulumu.

Halafu kamata mkono wa koti kwenye ngumi, hesabu hadi kumi, achia. Sufu njema hujinyoosha yenyewe ukiiangalia. Ukiwa bado na shaka, chomoa uzi mmoja kwenye ziada ya kitambaa iliyobaki ndani ya mshono, uchome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni. Pamba hunuka karatasi. Polista huyeyuka na kuacha kinundu kigumu cheusi. Fanya hivyo kwenye mzigo wako mwenyewe, si kwenye nguo ya mteja.

Kabla hujamwambia mwanamume yeyote kwamba amependeza, tazama mabega. Mshono wa bega ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Kiuno fundi atakibana, mikono atafupisha, pindo la suruali atalishusha au kulipandisha, lakini bega likikataa limekataa. Kulifungua ni sawa na kulishona koti upya, na mafundi wengi waaminifu watakuambia usijisumbue. Mwambie mteja akae, anyooshe mikono kama anayeshika usukani, avute pumzi. Watu hujaribu koti wakiwa wima kama askari, kisha wanalivaa maisha yao yote wakiwa wamekaa. Mikono ikiwa imeshuka, shati lionekane nje ya koti sentimita moja hivi au moja na nusu.

Shati ni jepesi kulisoma. Lipindue, weka rula kwenye mshono wa ubavuni, hesabu mishono ndani ya sentimita moja. Ukikuta saba au nane, mshonaji hakuwa na haraka. Ukikuta mitatu au minne, ubavu huo ni rahisi kufumuka. Tazama pia kama mistari ya kitambaa inapita mfukoni bila kukatika, kwani kuilinganisha kunakula kitambaa na muda, na asiyejali hafanyi. Vifungo viguse mdomo: vya chaza ni baridi, vya plastiki vina uvuguvugu. Kola ikifungwa iingize vidole viwili.

Viatu ndipo watu wanapodanganywa zaidi, kwa hiyo hapa tutakaa kidogo. Soli inashikana na kiatu kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni gundi. Ya pili ni mshono uliopita moja kwa moja kutoka ndani hadi soli. Huo unaitwa Blake, kwa jina la Lyman Blake wa Marekani aliyepata hataza ya mashine yake mwaka 1858. Ukiinua kitambaa cha ndani cha kiatu utauona. Ya tatu ni Goodyear, iliyotokana na mashine za karne hiyo hiyo ya 19 na kupewa jina la Charles Goodyear mdogo. Humo utepe wa ngozi huzungushwa ukingoni mwa kiatu. Mshono mmoja unaufunga na sehemu ya juu, mshono mwingine unaufunga na soli. Soli ikiisha, fundi anakata mshono wa nje tu, anaweka nyingine, na sehemu ya juu haiguswi. Kiatu cha namna hiyo kikitunzwa kinabadilishwa soli zaidi ya mara moja.

Ila usiamini kila mshono unaouona ukingoni. Vipo viatu vya gundi vilivyobandikiwa utepe wa plastiki wenye mishono ya urembo. Fuatisha uzi kwa ukucha. Mshono wa kweli una matundu ambamo uzi unazama, na kwa kawaida utaukuta tena chini ya soli, au utaona mfereji uliofunikwa ulikopita. Wa urembo umeganda juu kama mchoro.

Ngozi nayo ibonyeze kwa kidole gumba. Ile ambayo uso wake haujakwanguliwa hutoa mikunjo myembamba kuzunguka kidole, kisha mikunjo inapotea. Iliyopakwa rangi nzito kama plastiki hubonyea shimo moja laini tu, na ikivaliwa hupasuka pale vidole vinapokunjia. Maneno "ngozi halisi" hayakuambii ni tabaka lipi la ngozi. Hata lile la chini kabisa, lililochanwa na kupakwa juu, huitwa hivyo. Harufu usiitegemee pia, siku hizi hupuliziwa.

Mteja ajaribishe viatu mchana umeshasonga, miguu ikiwa imevimba kidogo, na ajaribu vyote viwili akiwa amesimama. Karibu kila mtu ana mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake, basi chagua kwa ule mkubwa. Ukimsikia anasema "vitatanuka", mrudishe kwenye benchi. Ngozi hutanuka upana, urefu hauongezeki. Akishanunua, mwombe avipumzishe siku nzima kabla ya kuvivaa tena, jasho likauke, na kama anaweza avitie kalibu za mbao za mwerezi, zile zinazoshikilia umbo la kiatu.

Mikanda haina mengi. Tazama ukingo: ngozi moja ni nyuzi tupu, iliyogandishwa vipande utaona tabaka na vumbi la karatasi katikati. Mimi hutembea na sumaku ndogo mfukoni. Bizimu ya kufungia mkanda, ikiwa ya shaba nyeupe au nyekundu, haivutwi na sumaku, ya chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu inanasa. Mkanda ufungwe tundu la katikati. Kwenye saa, mweleze mteja ukweli juu ya maandishi ya "mita 30": ni kipimo cha mgandamizo wa maabara, na kwa matumizi ya kawaida maana yake ni kuvumilia matone. Wa kuogelea atafute 100.

Tai ishike katikati, sehemu nyembamba inayopita shingoni, uiache ining'inie. Ikijisokota, kitambaa hakikukatwa mshazari wa digrii 45, na haitakaa sawa shingoni hata ifungwe na nani. Ukiipindua utakuta ndani, nyuma, uzi mmoja umelegea, wakati mwingine una kitanzi mwishoni. Wateja wengi hudhani ni kasoro na huomba mkasi. Uzi huo unapita urefu wote wa tai na umeachwa mrefu kwa makusudi, ili tai ikivutwa wakati wa kufunga fundo, mshono unyumbuke badala ya kukatika. Uvute taratibu mbele yake aone kitambaa kinavyojikusanya na kurudi, halafu mwambie asiukate.