"White-collar": kola ya nani, na kwa nini nyeupe?

SWALI: Kwenye makala za ajira nakutana na "white-collar job", na kwenye habari za mahakamani "white-collar crime". Ni kazi ya kuvaa shati jeupe? Na mtu wa kompyuta anayekuja kazini na fulana tumweke wapi?

JIBU: Tuanze na tahajia. Ni "collar", kola ya shati, si "colour". Kosa hilo limejaa hata kwenye barua za kuomba kazi, mahali pabaya kabisa pa kulifanyia.

Katika karne ya 19, kola ya shati la kiume mara nyingi ilikuwa kipande cha peke yake. Ilitiwa wanga, ikapigwa pasi mpaka ikakakamaa, kisha ikashikizwa shingoni kwa vifungo, kimoja mbele na kimoja nyuma. Troy, jimboni New York, ulikuwa mji wa viwanda vya kola hizo. Inasimuliwa kwamba Hannah Montague wa huko ndiye aliyezibuni mwaka 1827, alipochoka kufua shati zima kwa ajili ya uchafu wa shingoni tu. Karani alivaa shati lilelile siku kadhaa, akibadili kola. Mpakia makaa angeivaa asubuhi, adhuhuri ingekuwa nyeusi. Kola safi ilimtambulisha mtu wa kazi ya ofisini.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Wamarekani waliligeuza vazi hilo kuwa jina la tabaka. Mwaka 1919 mwandishi wa Marekani Upton Sinclair aliwakejeli makarani wa hali ya chini waliojihesabu mabepari kwa sababu ya kola tu. "Blue-collar", yaani kazi za mikono, kutokana na mashati ya buluu ya vibarua, ilienea baadaye.

Siku hizi nguo haina uzito. Kinachoangaliwa ni kazi yenyewe: hesabu, maandishi, taarifa, usimamizi. Mtu wako wa fulana yumo. Mhudumu wa mezani mwenye shati jeupe lililonyooka hayumo. Wala si kipimo cha kipato, maana fundi umeme hodari anaweza kumpita karani kwa mbali.

"White-collar crime" ni istilahi ya mwanasosholojia Edwin Sutherland, 1939: uhalifu wa mtu mwenye heshima na hadhi, autendao katika shughuli za kazi yake. Mhasibu akimpiga mwenzake ngumi ofisini, hilo ni shambulio tu. Ukitafsiri, achana na "uhalifu wa kola nyeupe", msomaji hataambulia kitu; litaje kosa lenyewe, liwe ubadhirifu, rushwa au kughushi hesabu.