Mgeni mpe jembe dakika ya tano

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye meza ya mchezo wa uhusika iliyowekwa tamashani, siku tatu huna. Mtu alikuwa akipita na rafiki yake, kasimama kidogo, kavutiwa na dadu za rangi, kaketi. Ukimweka dakika 20 akikusikiliza ukifafanua kanuni, atatazama simu, kisha atasema anakwenda kununua maji, na hapo ndipo mtakapoagana. Jembe apewe dakika ya tano: awe ameshaamua jambo moja ndani ya hadithi, na uamuzi wake uwe umebadilisha kitu. Maandalizi yote, kuanzia upana wa meza mpaka idadi ya komwe, yafanye kwa ajili ya dakika hiyo.

Kwa ambaye hajawahi kuuona, mchezo wenyewe ni hadithi inayosimuliwa na meza nzima. Mmoja ni msimulizi, anaeleza mahali na yanayotokea. Waliobaki kila mtu ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo afanya nini. Jambo likiwa na shaka, dadu huamua. Ulio maarufu kupita yote, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na tangu Januari 2023 kanuni zake za msingi zinapatikana bure kwa leseni ya Creative Commons. Ni kurasa zaidi ya 300. Zisome nyumbani, na uziache huko huko nyumbani.

Saa, kiti na upepo

Mombasa, wakati mzuri ni baina ya alasiri na magharibi. Anza saa 10 kamili, maliza saa 12 kasorobo. Tuko karibu na ikweta, kwa hivyo magharibi haihamihami sana na ratiba hiyo inafaa mwaka mzima. Anayeswali hatalazimika kuinuka katikati ya vita, na anayekaa Likoni atajua mapema kama atawahi feri. Tangaza saa ya kumaliza kabla watu hawajaketi, kisha itii. Ramadhani, peleka meza baada ya tarawehe. Ijumaa adhuhuri usijisumbue.

Ndani ya muda huo, hadithi yenyewe iwe dakika 90 na si zaidi. Zilizobaki zitaliwa na salamu, waliochelewa, na mtu atakayeomba kupigwa picha.

Meza iwe na upana wa sentimita 90 hivi. Ikipita hapo utaanza kupiga kelele, na spika za tamasha zitakushinda tu. Kaa katikati ya upande mrefu, usikae kichwani, maana wa mwisho kule hatakusikia na hatasema kwamba hasikii. Wachezaji wanne ndio kiasi kizuri, watano ndio mwisho. Kiti kimoja kiache upande wa njia, kimevutwa nje kidogo. Kiti kilichovutwa kinaita watu; kilichosukumwa chini ya meza chaonyesha kwamba pamejaa.

Ukiwa Mama Ngina au popote penye bahari mbele, beba vibanio vya nguo, 12 hivi, vya kubania karatasi. Kusi haina adabu na makaratasi. Ukiwa ndani, pangaboi litafanya kazi ile ile ya upepo, na hewa ya chumvi italegeza kila kilichochapwa kwenye karatasi nyepesi. Karatasi za wahusika zipige lamineti na uandikie kwa kalamu ya ubao mweupe. Mwisho wa mchezo unafuta kwa kitambaa na meza ya pili inaanza. Usitegemee kompyuta wala projekta. Stima ikipotea, hadithi haina haja ya kusimama. Tochi moja katikati ya meza na sauti yako ukiishusha kidogo, huenda kipindi kikanoga zaidi.

Bango, na suala la dadu

Bango la manila, herufi kubwa zisomeke kutoka hatua kumi: MCHEZO WA HADITHI. BURE. HUJUI? UTAFUNDISHWA. DAKIKA 90. MIAKA 12 NA ZAIDI. HAKUNA PESA MEZANI.

Mstari wa mwisho usiufute. Mpita njia akiona watu wameinamia dadu, wazo la kwanza ni kamari. Kwa hiyo usitumie sarafu kuhesabia chochote, hata kama ndizo zilizo karibu. Tumia komwe, zile mbegu za bao. Kila mhusika aanze na komwe 5 mbele yake, ndio uhai wake. Akiumia, anakusogezea moja kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna haja ya kueleza kanuni ya majeraha kwa mtu anayeziona komwe zake zikipungua.

Wapo pia wanaojiepusha na dadu kabisa kwa sababu za dini, pesa ziwepo zisiwepo. Usibishane nao na usiwatolee fatwa. Weka tayari mabakuli mawili, kila moja na vipande vya karatasi 1 hadi 6. Mchezaji anachota kimoja kila bakuli na kujumlisha. Hesabu ni ile ile ya dadu mbili, mradi vipande virudishwe kila mara. Visiporudishwa, namba iliyokwisha kutoka haitatoka tena, na baada ya kuchota mara sita bakuli litakuwa tupu.

Tukibaki kwenye dadu: seti kamili ina saba, ya pande 4, 6, 8, 12, 20 na mbili za pande 10. Zinapendeza machoni, na kwa mgeni ni mateso, maana kila zamu atauliza ni ipi. Mpe mbili za kawaida za pande 6, kama za ludo. Anatupa, anajumlisha, anaongeza nguvu ya mhusika wake katika jambo hilo, yaani namba iliyoandikwa kwenye karatasi yake. Sita kushuka, mambo yameharibika. Saba hadi tisa, imekuwa, lakini kuna gharama. Kumi kupanda, imekuwa vizuri.

Kwa nini hivi? Mwenye nguvu ya 2 huangukia pabaya mara 6 tu kati ya 36, yaani asilimia 17. Asiye na nyongeza yoyote huangukia pabaya mara 15 kati ya 36, asilimia 42. Linganisha na dadu ya pande 20 iliyowekewa lengo la 15 bila nyongeza: asilimia 70 atashindwa. Mtu mzoefu akishindwa mara tatu mfululizo atacheka. Mgeni atajiona mjinga mbele ya watu asiowajua. Kwa hiyo utupaji wake wa kwanza uwe kwenye jambo ambalo mhusika wake ana nguvu ya 2, na ni kazi yako kulileta jambo hilo mbele yake.

Dadu zitupwe ndani ya sinia lililotandikwa kipande cha leso. Bila sinia, kila robo saa kuna mtu chini ya meza akitafuta, na hadithi inamsubiri.

Wahusika na hadithi

Andaa wahusika sita kwa wachezaji watano, ili hata wa mwisho kufika awe na la kuchagua. Kila mmoja nusu ya karatasi ya A4: jina, sentensi moja ya yeye ni nani, mambo matatu anayoyaweza na nguvu zake, kitu kimoja anachokitaka, kitu kimoja alichoshika mkononi. Hicho cha mkononi ndicho watu hushikilia. Mgeni asiyejua aseme nini atakumbuka kwamba ana upawa.

Hadithi usiiweke kwenye nchi yenye majina kumi ya kujifunza. Iweke hapa. Bandari ya Kale, jahazi limejaa boriti, kusi imeshika, na nahodha hajaonekana tangu jana usiku. Wahusika: serahangi, mpishi, fundi wa kuchonga milango, karani wa forodha, mpiga zumari, na binti wa tajiri aliyejificha asirudishwe nyumbani. Hakuna anayehitaji ramani. Ukitaka jitu la kutisha, leta zimwi. Kila mtu alilisikia kwa bibi yake. Majini na uchawi ni jambo jingine. Hapa pwani kuna watakaokaa mezani hawalichukulii kama mchezo, na mtu akinyanyuka kwa sababu hiyo hatarudi. Ukiwa na shaka, acha.

Dakika ya kwanza hadi ya nne: salamu, tukuite nani, chagua mhusika. Usikimbilie kumpa kila mtu mkono. Kiganja kifuani kinatosha na hakimtii mtu katika taabu. Waache wachague wenyewe wa kukaa naye. Kisha paukwa, pakawa, na umeshaingia:

"Shangazi, wewe ndiye mpishi. Kitu kilichomo ngamani kimegonga mara tatu. Wafungua kifuniko, au waita wenzako?"

"Nafungua. Kwani naogopa nini?"

"Haya, tupa zote mbili."

Nne na tatu, jumla saba, na ujasiri wake ni 2. Tisa. Imekuwa, lakini.

"Kifuniko kimefunguka. Upawa umekuponyoka, umeanguka gizani, na hujausikia ukitua. Kuna mtu ameudaka. Kijana, wewe uko karibu yake: mkono ulioshika upawa una pete ya nahodha. Wasema nini?"

Hapo kanuni zote muhimu zimeshafundishwa, na hakuna aliyejua kwamba anafundishwa. Angalia pia swali lilivyoulizwa. "Unafanya nini?" ni swali la mzoefu. Mgeni akiulizwa hivyo huganda. Mpe njia mbili zilizo wazi. Baada ya zamu tatu nne ataanza kukujibu kwa njia ya tatu ambayo hukuifikiria, na tangu hapo muulize upendavyo.

Hadithi iwe na vipande vitatu tu: tatizo, njia panda, makabiliano. Ikifika dakika ya 60 na bado mko njia panda, kata. Mlango wa mwisho ufunguke wenyewe. Wachezaji hawajui ulichokiruka. Watakachokijua ni kama hadithi ilikwisha au iliachwa hewani.

Watu

Mjuaji atakuja. Amecheza miaka, ana dadu zake mfukoni, na kabla jirani yake hajamaliza sentensi ameshamwambia bora afanye vipi. Usimkemee mbele za watu. Mwombe akae mkono wako wa kushoto na umpe kazi: ashike hesabu ya komwe za maadui, aandike majina, apige ile sauti ya zimwi. Mikono yake ikiwa na shughuli, ulimi hupumzika. Akiendelea, sema kwa upole, "Mhusika huyu ni wake, tumsikilize," na umgeukie mwenye zamu.

Anayesimama nyuma ya viti akitazama ni mchezaji ambaye bado hajaamua. Usimwambie "karibu ukae" mara tatu, utamfukuza. Mwulize jambo dogo: "Kaka, jahazi hili liitwe nani?" Akilitaja, ameshaingia.

Anayelazimika kuondoka, mhusika wake analala ngamani na hakuna anayeadhibiwa. Aliyechelewa, mhusika wake ametoka kwenye pipa. Usirudi nyuma kueleza. Jirani yake amsimulie kwa sentensi mbili.

Kuhusu mambo ya kuumiza, tumia kadi yenye alama ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos: inakaa katikati ya meza, yeyote akiigusa, tukio hilo linarukwa na hakuna anayeuliza kwa nini. Shida yake kwetu ni kwamba kijana hataigusa mbele ya mtu mzima. Dawa ni wewe kuigusa wa kwanza, mapema, kwa jambo dogo: "Hapana, panya wengi mno, tupunguze," na uendelee kana kwamba si kitu. Mambo mawili usiyaachie kadi, yapige marufuku mwanzoni kabisa: mapenzi baina ya wahusika wa watu wasiojuana, na kuigiza lafudhi za makabila kwa kuchekesha. La pili hutokea haraka sana, huanza kama utani, na kuna mmoja mezani atakayecheka kwa mdomo tu.

Lugha, acha ichanganyike. Mtu ajibu kwa Kimvita, kwa Sheng, atakavyo. Wewe tu ndiye uwe na maneno yako kumi uliyoyapanga, uhai, kinga, zamu, jeraha na kadhalika, usiyabadilishe katikati.

Chakula kije baada. Mabuyu hutia rangi nyekundu kila kitu, dadu zikiwemo, na mafuta ya bhajia huchafua lamineti. Maji na kahawa havina neno. Wewe mwenyewe kunywa maji kila kipande cha hadithi kinapoisha, na usisimamie meza zaidi ya mbili kwa siku. Ya tatu utaisimulia kwa sauti ya kukwaruza na utaanza kuwaharakisha watu.

Namba za simu usiziombe mwanzoni. Mwisho, mpe kila mtu kikaratasi chenye jina la mhusika wake, na nyuma yake siku, mahali na saa ya meza inayofuata, vimeandikwa tangu asubuhi. Mtu akiinuka huku bado anabishania nani alistahili ile pete, atakuuliza, "Mwacheza lini tena?" Ukimjibu "tutakujulisha", umempoteza. Mpe kikaratasi, kisha hesabu komwe kabla sinia halijaondolewa mezani, kwani watoto huzipenda.