Maswali ya Wasomaji: Rangi Wakati wa Theluji

SWALI: Napaka rangi za maji. Tangu theluji ianguke sioni cha kuchora: juu kijivu, chini nyeupe, miti myeusi. Rangi nizitafute wapi?

JIBU: Anzia kwenye vivuli, ndugu msomaji. Siku ya jua na anga safi, kivuli juu ya theluji ni cha bluu, kwa sababu pale jua limezibwa na theluji inamulikwa na anga tu. Huioni bluu hiyo kwa kuwa akili imeshaamua kwamba theluji ni nyeupe. Itenge: toboa tundu la sentimita 1 katikati ya kadi ya kijivu, nyoosha mkono, fumba jicho moja, chungulia kivuli, kisha sehemu iliyopigwa na jua. Cha kwanza kitakuwa samawati, cha pili krimu. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alivipaka vivuli hivyo kwenye La Pie, picha ya 1868–1869, na bado inafaa kutazamwa kwa utulivu.

Miti nayo isogelee. Vitawi vichanga vya mierebi mingi ni vya manjano au chungwa, na hung'aa sana jua linapokaribia kuzama. Majira haya jua hupita chini hata saa sita mchana, kwa hiyo vivuli virefu hudumu karibu siku nzima.

Rangi nyeusi iweke kando. Kijivu kizuri hutoka kwa bluu ya ultramarini na siena iliyochomwa, yaani kahawia yenye wekundu. Bluu ikizidi unapata vilima vya mbali. Siena ikizidi unapata magome. Wengi huharibu kwa kukoroga kwenye kibao mpaka rangi zote mbili zipotee. Ziache zikutane kwenye karatasi zikiwa bado mbichi: chembe za ultramarini zitatuama kwenye vishimo vya karatasi, siena itaonekana pembeni yake, na kijivu chako kitakuwa na uhai. Nyeupe ya theluji ni karatasi yenyewe, basi amua mapema wapi brashi haitagusa.

SWALI: Mchana ni mfupi, kwa hiyo napaka usiku. Asubuhi nakuta bluu na manjano vimekolea kuliko nilivyokusudia. Nakosea wapi?

JIBU: Kosa ni la balbu. Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, na balbu ya kelvini 2700 ina mwanga mwingi wa manjano na bluu kidogo. Chini yake bluu hufifia, nayo manjano humezwa na karatasi ambayo imegeuka manjano, basi mkono unaongeza zote mbili. Weka ya kelvini 5000 yenye CRI, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, ya 90 au zaidi. Vipimo hivyo huandikwa kwenye boksi. Ukitumia mkono wa kulia, taa ikae kushoto, usijizibie kwa kivuli cha mkono wako.

SWALI: Naenda milimani siku 5 na nataka kuchora nje. Maji ya rangi hayataganda?

JIBU: Yataganda, tena juu ya karatasi. Rangi hufanya maua ya barafu, yanapendeza kweli, lakini ukiingia ndani huyeyuka na kuchuruzika, kwa hiyo beba karatasi ikiwa imelala. Changanya vodka sehemu 1 na maji sehemu 3. Hiyo inatosha kwa digrii chache chini ya sifuri. Usizidishe sana, maana pombe huifanya rangi itawanyike usipotaka. Baridi ikizidi hapo, chukua penseli za rangi: rangi 8 zinatosha, na unazishika hata ukiwa na glavu. Kando ya kila mchoro andika saa na rangi kwa maneno kamili, kwa mfano “kivuli cha paa, bluu yenye urujuani, chepesi kuliko anga”. Ukiandika “bluu” tu, haitakusaidia ukifika nyumbani.

Ukipiga picha za kumbukumbu, ongeza mwanga kwa +1 hadi +1.5 kwenye kirekebisha mwanga cha kamera (exposure compensation), kwani kamera huichukulia theluji kuwa mwanga uliozidi na kuifanya kijivu. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti, baridi huidhoofisha haraka. Na kabla ya kuingia kwenye joto, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, usiufungue mpaka kamera ipate joto la chumba, ili unyevu ujikusanye juu ya plastiki na lenzi ibaki kavu.